Kizazi cha mtamba hujengwa kabla hajazaliwa

Ndugu Mwenyekiti, maafisa ugani wa mifugo, wahimilishaji mnaopandikiza mbegu kwa mrija, na ninyi wafugaji mliokamua mapema kuliko kawaida ili muwahi hapa: asanteni kwa kunipa nafasi.

Swali lisilokosekana kwenye mikutano ya wafugaji ni la mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, asiyeshika mimba. Ana miaka miwili, amenenepa, manyoya yanang'aa, lakini hajawahi kusimama apandwe na wenzake, na ute hauonekani. Wa kwanza kulaumiwa ni mhimilishaji, wa pili ni muuza pumba, wa tatu ni jirani mwenye jicho baya. Wapo watamba ambao tatizo lao ni njaa, minyoo au madini, na hao hutibika. Wapo pia ambao mambo yao yalikwisha kuharibika wakiwa na urefu wa kidole gumba tumboni mwa mama yao. Wa namna hiyo hata umlishe nini hatazaa, na kila siku anayokaa bandani anakula majani ya ng'ombe mwingine. Leo nitaeleza viungo vya uzazi vinavyojengwa tumboni, lini, na kwa amri ya nini, ili ndama akaguliwe akiwa na wiki mbili, tusingoje miezi 24.

Nianze na ng'ombe. Mimba yake ni siku 280 hivi. Jinsi ya ndama huamuliwa siku mbegu inapoingia kwenye yai: mbegu yenye kromosomu Y huleta dume, yenye X huleta jike. Hata hivyo, kwa mwezi mzima baada ya hapo, ukimpasua kijusi huwezi kuona tofauti yoyote. Kuanzia siku ya 32 hivi matuta mawili madogo huota karibu na uti wa mgongo, ubavuni mwa figo za awali. Tuyaite matuta ya uzazi. Seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu hazizaliwi hapo. Hutoka kwenye ukuta wa kifuko cha kiini, nje ya mwili wa kijusi, zikatambaa kupitia utumbo wa nyuma hadi kwenye matuta hayo. Zikifika chache, kiungo kitajengwa nusu kitupu.

Kando ya matuta hayo kila kijusi, dume au jike, ana jozi mbili za mirija. Jozi ya kwanza ni mirija ya Wolff. Ikibaki hai itakuwa mirija ya kupitisha mbegu pamoja na tezi za shahawa. Jozi ya pili ni mirija ya Müller. Hiyo ndiyo itakayozaa mirija ya mayai, mji wa mimba, shingo ya kizazi na sehemu ya mbele ya uke. Sehemu ya nyuma ya uke, ile iliyo karibu na mlango, haitokani na mirija ya Müller bali na tundu la pamoja la mkojo na uzazi. Naomba jambo hilo la mwisho mlishike, maana kipimo nitakachokieleza baadaye kimejengwa juu yake.

Basi ni nini kinachoamua? Kwenye kromosomu Y kuna jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa na watafiti wa London mwaka 1990. Inapofanya kazi, matuta ya uzazi hugeuka korodani. Kwa ng'ombe mabadiliko hayo huonekana karibu na siku ya 40. Korodani changa huanza kazi mara moja. Seli zake za Sertoli hutoa homoni inayoua mirija ya Müller, ambayo maabara huiandika AMH. Seli zake za Leydig hutoa testosteroni, inayoilinda mirija ya Wolff isife. Sehemu ya testosteroni hubadilishwa mwilini kuwa dihidrotestosteroni, yenye nguvu zaidi, na hiyo ndiyo inayojenga uume na mfuko wa korodani. Kwa jike amri hizi hazipo: mirija ya Wolff hunyauka yenyewe, ile ya Müller huendelea kukua.

Mfaransa Alfred Jost alilithibitisha hilo miaka ya 1940 kwa kuwahasi vijusi vya sungura wakiwa bado tumboni. Wote walijengeka mji wa mimba na mirija ya mayai, hata wale ambao kwa kromosomu walikuwa madume. Hapa watu wengi huteleza wakadhani ujike ni mabaki tu ya udume uliokosekana. Mirija, ndiyo, haihitaji amri ya korodani ili iwe ya kike. Lakini ovari yenyewe ina jeni zake zinazoijenga na kuilinda, na tutakapofika kwa mbuzi mtaona zikikosekana kinatokea nini.

Kumbe basi kuna homoni mbili, kila moja na kazi yake, kila moja na muda wake. AMH hushughulika na viungo vya ndani; testosteroni na bintiye hushughulika na mirija ya Wolff na umbo la nje. Watafiti waliwadunga kondoo wenye mimba testosteroni kuanzia karibu na siku ya 30, wakapata wanakondoo jike wenye uume na mfuko wa korodani kwa nje, ilhali ndani wana ovari na mji wa mimba. Ndiyo maana nawasihi wahimilishaji na wauza dawa: dawa za kunenepesha zenye homoni za kiume zisiguse mnyama mwenye mimba, wala mnyama usiyejua kama ana mimba.

Sasa tufike kwa mapacha. Kwa ng'ombe wa maziwa wa aina ya Friesian, mizao ya mapacha huwa 3 hadi 5 katika kila 100. Kwa ng'ombe wetu wa asili ni michache zaidi. Karibu nusu ya mapacha hao huwa dume na jike. Tatizo la ng'ombe ni kwamba kondo za mapacha hukutana mapema, na kati ya siku ya 30 na 40 mishipa yao ya damu huungana. Tangu hapo damu ni moja. Korodani za dume zinapoanza kumwaga AMH, homoni hiyo haibaki kwake. Inampata dada yake kabla ovari zake hazijasimama. Mirija yake ya Müller inasinyaa pamoja na ile ya kaka yake. Ovari zinadumaa, na mara nyingine zinaanza kuonyesha mirija midogo inayofanana na ya korodani. Anazaliwa ndama ambaye mji wake wa mimba ni kama uzi, shingo ya kizazi hana, na ndani ya uke kuna ukuta mahali ambapo pangetakiwa kuwa na njia. Wataalamu humwita frimatini. Katika kila watamba 100 waliozaliwa pacha na dume, zaidi ya 90 ni wa namna hiyo.

Kinachomdanganya mfugaji ni kwamba kwa nje frimatini huonekana kama jike kamili. Testosteroni iliyomfikia ni kidogo mno kubadili umbo la nje, kwa hiyo mlango wa uke upo, chuchu nne zipo, na mkojo unatoka panapostahili. Tena hukua vizuri. Mnunuzi anayetazama mgongo, miguu na mstari wa chuchu humlipia bei ya mtamba bora.

Elimu hii si ya jana. John Hunter aliwapasua wanyama hawa London na kuandika habari zao mwaka 1779. Frank Lillie wa Chicago alieleza mwaka 1916 kwamba homoni ya udume hupita kwenye damu inayounganisha mapacha. Mwaka 1945 Ray Owen, huko Wisconsin, aligundua kwamba mapacha wa ng'ombe hubeba chembe za damu za aina mbili maisha yao yote: zao na za ndugu yao. Ugunduzi wake ndio uliowafungulia wengine njia ya kuelewa kwa nini mwili hukubali au hukataa kiungo cha kupandikizwa, na utafiti huo ukaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, ingawa Owen mwenyewe hakuwamo kwenye tuzo. Zizi la ng'ombe limeifundisha hospitali ya binadamu mengi kuliko linavyoshukuriwa.

Tuje kwenye kipimo. Fanya ndama akiwa na wiki 1 hadi 4. Unahitaji kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo, kipenyo cha sentimita 1 hadi 1.5, bomba la plastiki la maabara linafaa sana. Bomba la kioo likae mbali, ndama akirusha teke litavunjikia ndani. Weka alama za utepe kwenye sentimita 5, 8, 10 na 13. Mtu mmoja amshike ndama akiwa amesimama, kitako chake kikiwa ukutani asirudi nyuma ghafla wakati wa kuandaliwa. Ukishakuwa tayari mgeuze. Osha mlango wa uke kwa maji safi na sabuni, futa, paka kijiti jeli ya kulainisha. Ingiza ncha ikielekea juu kidogo, kama mhimilishaji anavyoingiza bunduki yake ya kupandikizia mbegu, kwa sababu sakafuni kuna tundu la mkojo na kijifuko chini yake; ncha ikielekea chini itaishia humo. Ukishapita, laza kijiti kiende sambamba na mgongo na ukisukume polepole kwa vidole viwili.

Ndama wa kawaida wa umri huo hukipokea kijiti sentimita 12 hadi 15. Frimatini hukwama kwenye 5 hadi 8. Sababu mmekwisha kuisikia: sehemu ya nyuma ya uke ilitokana na lile tundu la pamoja, ambalo AMH haigusi, sehemu ya mbele ilitokana na mirija ya Müller, nayo haipo.

Makosa ya kipimo hiki ni matatu, na yote hutokea. Kosa la kwanza ni kuishia kwenye pete ya kizinda. Ndama mzima ana mbano mahali sehemu hizo mbili zinapokutana. Kijiti kikigota hapo mtu mwenye haraka hutangaza utasa. Rudi nyuma sentimita moja, badili pembe kidogo, jaribu tena bila nguvu. Kosa la pili ni kutumia vipimo vya ndama mchanga kwa mtamba wa miezi minane. Uke wa frimatini nao hurefuka kadiri anavyokua, na sentimita 10 kwa mtamba wa umri huo si dalili ya uzima. Njia ya kujilinda ni kumpima siku hiyohiyo mtamba mwingine wa umri na ukubwa uleule ambaye alizaliwa peke yake, ukalinganisha. Kosa la tatu ni kulazimisha. Ukuta wa uke wa ndama ni mwembamba; ukiutoboa umemwua kwa usaha wa tumboni mnyama ambaye pengine alikuwa mzima.

Tazama pia kisimi na nywele. Frimatini wengi wana kisimi kikubwa kinachochungulia na kishungi cha nywele ndefu kwenye ncha ya chini ya mlango wa uke. Wengi, si wote, kwa hiyo dalili hizo zisitumike peke yake. Kwa mtamba mkubwa, daktari anayepima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa atatafuta shingo ya kizazi juu ya mfupa wa nyonga. Asipoikuta, na badala yake akagusa uzi mwembamba au tezi za shahawa, jibu limepatikana.

Mashaka yakibaki, damu ndiyo mwamuzi. Maabara hutafuta alama za kromosomu Y ndani ya damu ya jike. Chukua mililita 5 kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu isigande, igeuze taratibu mara kadhaa, iweke kwenye kasha lenye barafu bila kuigandisha. Usipeleke manyoya wala kipande cha sikio. Seli za kaka yake ziko kwenye damu; nywele ni zake mwenyewe na zitaonyesha jike safi. Mfugaji aliyepeleka nywele hupokea jibu sahihi kwa swali ambalo hakukusudia kuliuliza.

Kuna frimatini asiye na pacha. Mimba ilianza na wawili, damu zikaungana, kisha dume akafa mapema na kunyonywa na mji wa mimba. Anazaliwa jike mmoja, hakuna mtu anayeshuku. Huyu hugundulika akifikisha umri wa kupandwa. Kwa hiyo mtamba yeyote ambaye hajaonyesha joto akiwa na uzito wa kutosha akaguliwe kizazi kabla ya kununuliwa dawa za kuamsha joto. Kuhusu pacha dume mwenyewe, wengi huwa wazima, lakini baadhi mbegu zao huwa dhaifu. Mimi sishauri kumchagua kuwa fahali wa kijiji wakati wapo waliozaliwa peke yao. Na mnaotumia mbegu zilizochambuliwa jinsi, ambazo huleta jike kwa kiasi cha 90 kati ya 100, mapacha wakitokea kwenu uwezekano wa dume na jike ni mdogo. Hata hivyo pimeni tu, dakika tano si nyingi.

Sasa naomba nisikike vizuri kwa wenye mbuzi na kondoo: haya ya mapacha hayawahusu kwa kiwango hicho. Kwa mbuzi na kondoo mishipa ya kondo za mapacha huungana kwa nadra sana, na frimatini ni wachache mno. Kuna wafugaji wanaouza kila mbuzi jike aliyezaliwa na pacha dume kwa sababu wamesikia habari za ng'ombe. Wanauza hasa wale ambao wangewaongezea mapacha.

Tatizo la mbuzi liko kwenye pembe. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Ulaya, kama Saanen, Toggenburg waliotapakaa Meru, na Alpine wa Nyeri, wana uwezekano wa kuzaliwa bila pembe kwa kurithi. Hali hiyo husababishwa na kukosekana kwa kipande cha DNA chenye herufi zipatazo 11,700. Watafiti wa Ufaransa waliieleza mwaka 2001. Kipande hicho hutawala pia jeni iitwayo FOXL2, ambayo ni mlinzi wa ovari. Mbuzi akirithi kasoro hiyo upande mmoja tu, hana pembe na uzazi wake ni mzima. Akiirithi pande zote mbili naye kwa kromosomu ni jike, ovari zake hugeuka kuwa kama korodani tangu tumboni. Anazaliwa huntha: kisimi kimekuwa kama kidole, au ana umbo la beberu asiyetoa mbegu. Akikua atanuka beberu na atapanda wenzake.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukimpandisha beberu asiye na pembe kwa mbuzi asiye na pembe, kila mmoja akiwa na kasoro upande mmoja, tegemea huntha 1 katika kila watoto 8. Mfugaji haoni hivyo. Yeye anaona tu kwamba madume yamezidi mwaka huu. Dawa ni moja: mmoja wa wazazi awe amezaliwa na pembe. Nasema amezaliwa, kwa maana mbuzi wengi wa maziwa huchomwa vichipukizi vya pembe wakiwa wachanga, na beberu aliyechomwa anafanana na asiye na pembe. Kwa mtoto mchanga angalia utosi: aliyezaliwa na pembe ana vizingo viwili vya nywele, kimoja kila upande, na ngozi imeshikana na kichipukizi, asiye na pembe ana ngozi laini inayoteleza. Andika kabla ya kuchoma. Mkinunua beberu mkubwa, ulizeni kumbukumbu hiyo. Asiyekuwa nayo mkadirieni kuwa alizaliwa bila pembe.

Kwa nguruwe nitapita haraka. Huntha wapo, mara nyingi ni jike kwa kromosomu mwenye kiungo chenye tishu za ovari na korodani pamoja. Hurithiwa, ukiwapata wawili kwa dume mmoja, badili dume.

Upande wa madume kuna jambo linalofanyika mwishoni mwa ujenzi: korodani kushuka. Zilizaliwa karibu na figo, na lazima zisafiri hadi kwenye mfuko nje ya mwili, mahali penye joto la chini kwa nyuzi 3 hadi 5 hivi, la sivyo hazitatengeneza mbegu. Kuna kamba ya tishu inayozivuta, na homoni mbili zinaiongoza: moja huzileta hadi mlango wa kinena, testosteroni humalizia. Kwa ndama dume safari hukamilika tumboni, takriban nusu ya mimba. Kwa mwanakondoo nayo humalizika mapema, karibu na siku ya 80 ya mimba. Nguruwe ni wa siku za mwisho kabla ya kuzaliwa. Farasi na punda wanaweza kukamilisha karibu na kuzaliwa au siku chache baadaye.

Kwa hiyo ndama dume, mwanakondoo au mwanambuzi akizaliwa, shika mfuko siku hiyohiyo uhesabu mbili. Ikikosekana moja, si jambo la kusubiri akue. Korodani iliyobaki tumboni haitoi mbegu lakini hutoa testosteroni, kwa hiyo atakuwa na tabia zote za dume, na ile moja iliyoshuka inaweza kumpa watoto ambao nao watarithi. Ahasiwe na daktari, asitumiwe kuzalisha. Wenye kuhasi kwa pete ya mpira nao wana lao: korodani moja ikirukia juu wakati pete inafungwa, mfuko unakatika na korodani inabaki chini ya ngozi ya kinena. Mwenye mali anasema amehasi. Kundi linasema vingine.

Nimebakiza jambo ambalo ndilo zito kuliko yote kwa wafugaji wa maziwa, ingawa halionekani kwa macho. Ovari ya ndama jike hutengeneza mayai yake tumboni, na hesabu hiyo haiongezwi tena akishazaliwa. Seli za mayai huongezeka kwa kasi hadi kufikia zaidi ya milioni mbili na nusu karibu na siku ya 110 ya mimba. Kisha nyingi hufa. Kuanzia siku ya 90 hivi zinazobaki huanza kufungwa kila moja ndani ya kifuko chake, na ndama huzaliwa na akiba ya laki moja na zaidi, wengine mara kadhaa ya wenzao. Tofauti hiyo kati ya ndama na ndama ina maana: wenye akiba ndogo huwa na uzazi wa shida zaidi.

Utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watamba chakula cha asilimia 60 tu ya mahitaji ya kudumisha mwili, kuanzia siku chache kabla ya kuhimilishwa hadi siku ya 110 ya mimba, kisha wakalishwa kawaida. Ndama wao walizaliwa na uzito wa kawaida. Ungewatazama usingesema kitu. Lakini ovari za majike zilionyesha vifuko vya mayai pungufu kwa asilimia 60 hivi kulinganisha na watoto wa mama walioshiba. Uzito wa kuzaliwa, basi, hausemi lolote kuhusu ovari.

Tazameni sasa ratiba zetu. Tunamwongezea ng'ombe chakula miezi miwili ya mwisho, na ni sawa, ndama anakua sana wakati huo. Lakini ovari za ndama hujengwa miezi minne ya mwanzo, wakati mama yuko kwenye kilele cha maziwa na nyama yake inayeyuka. Anayehimilishwa Julai kaskazini mwa Tanzania anaingiza karibu siku zote 110 kwenye kiangazi. Tunakamua leo ovari za mtamba wa miaka mitatu ijayo.

Nini cha kufanya? Mtamba chotara wa kilo 250 anahitaji kilo 6 hadi 7.5 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo mabichi yana maji mengi, kwa hiyo kilo 7 za kavu ni kama kilo 35 hadi 40 mbichi, yaani mizigo miwili ya kichwa ya kweli, si mmoja. Ongeza kilo 1 hadi 2 ya pumba iliyochanganywa na mashudu, na gramu 50 hadi 100 za madini. Anza wiki tatu kabla ya kuhimilisha, endelea mpaka mwezi wa nne wa mimba. Ng'ombe anayekamuliwa apate hayo ya kudumisha mwili kwanza, kisha kilo 1 ya pumba kwa kila lita 2 zinazozidi zile ambazo majani yanaweza kuzilipa. Hali ya mwili wakati wa kuhimilisha isishuke chini ya 2.5 kwenye kipimo cha 1, aliyekonda kabisa, hadi 5, aliyenenepa mno. Mbavu zikihesabika kwa mbali, ahirisha joto moja. Siku 21 si hasara.

Vitamini A nayo isisahauliwe. Seli za mayai za kijusi huambiwa zianze kujigawa kwa kemikali inayotokana na vitamini hiyo, na mama huipata kwenye majani mabichi. Hei iliyokaa juani mpaka ikawa nyeupe haina kitu. Ini la ng'ombe aliyeshiba majani huweka akiba ya miezi mitatu hivi, kisha inaisha. Mwaka 1933 Fred Hale wa Texas aliripoti kwamba nguruwe jike aliyenyimwa vitamini A alizaa watoto wasio na macho. Jicho linaonekana kirahisi, ndiyo maana liliandikwa la kwanza. Kiangazi kikirefuka, majani machache ya mti wa lukina kwa siku, au sindano ya vitamini kutoka kwa daktari, yanatosha.

Wafugaji wa asili wana mgongano mgumu zaidi. Wamaasai hufunga kipande cha ngozi tumboni kwa madume ya mbuzi na kondoo ili uzazi uangukie mvua, na ni akili nzuri kwa maziwa ya mama. Lakini mtoto azaliwe mwanzo wa masika, mimba ya miezi mitano lazima itungwe mwishoni mwa kiangazi, na ovari zake zijengwe kabla malisho hayajatengemaa. Sishauri kuacha desturi hiyo. Vifo vya watoto kiangazini ni hasara kubwa zaidi. Ninachosema ni kutenga eneo dogo la malisho, au maganda ya migunga, kwa majike yatakayopandwa tu, kwa wiki kumi hivi.

Mwisho, vitabu vya kumbukumbu. Kila ndama aandikiwe siku ya kuzaliwa: alizaliwa peke yake au pacha, pacha wake wa jinsi gani, korodani ngapi zilishikwa, kijiti kiliingia sentimita ngapi. Anayejua mapema jinsi ya mimba anaweza kuitumia pia: kwa ultrasaundi, kati ya siku ya 60 na 85, kinundu cha uzazi huonekana nyuma ya kitovu kwa dume, chini ya mkia kwa jike, na mpimaji mzuri atawaona mapacha wote wawili. Frimatini aliyethibitika atiwe alama sikioni, anenepeshwe na aende machinjioni kabla ya miezi 18, na asiuzwe mnadani kama mtamba wa maziwa. Ndugu Mwenyekiti, vijiti na utepe viko mezani pale mlangoni. Wahimilishaji wabaki nusu saa, kuna ndama wanne nje wa kufanyia mazoezi, mmoja wao pacha wa dume.